Mtu Wetu Ndani ya Bodi ya Dampo

Siku jina la Naisimoi lilipotoka kwenye uteuzi, tulichinja mbuzi. Habari ilifika Kang'ata kwa simu, ikapita kutoka boma hadi boma, na kabla jua halijaanza kuchoma wanawake wa kikundi walikuwa wamejaa kwa Naisimoi, shanga zote shingoni. Shemeji yake Kaika alikuwa ameshamkamata beberu pembe.

"Sasa tuna mtu ndani," Kaika alisema, naye amemkalia beberu mgongoni. Kila aliyefika akalirudia: tuna mtu ndani.

Naieleza furaha ile kwanza ili msije mkatucheka mkifika mbele. Kwetu mtu akiwa na shida ya ofisini haulizi kanuni inasemaje. Anauliza nani anamjua nani mle. Sisi, kikundi cha wanawake waokota nailoni, hatukuwahi kuwa na mtu popote. Sasa mwenyekiti wetu ameteuliwa kuwa mjumbe wa Bodi ya Dampo la Pamoja, bodi ileile ambayo ombi letu lilikuwa limelala mezani kwake. Nani asingechinja?

Jina langu Asnath, na mimi ndiye katibu wa kikundi. Nimezaliwa Ngombezi, kwenye nyumba za mistari za wakata mkonge, katika ukoo uliochanganya makabila na dini mpaka hatujui Krismasi ni ya nani na Idi ni ya nani, tunakula zote. Nilipata stashahada ya maendeleo ya jamii, nikaletwa Kang'ata kwa mafunzo ya vitendo, nikabaki. Wafugaji wakanipa jina la Mkonge, kwa sababu ya nilikotoka, na kwa sababu, walisema, ukinishika vibaya ninachoma. Sikulikataa.

Kazi yetu ni hii. Nchi ya Handeni ikikauka, upepo huchukua kila kilichotupwa mnadani, mifuko, vifungashio, kamba, na kukitundika kwenye miiba ya malisho. Ng'ombe mwenye njaa hachagui. Anameza. Nailoni haisagiki wala haitoki, inajifunga tumboni kama kitambaa kilichokamuliwa, na mnyama anakonda huku tumbo limejaa. Nemayian, mjane kijana wa kikundi chetu, alipoteza ng'ombe wake namna hiyo mpaka akabaki na mmoja tu, mweusi mwenye baka jeupe ubavuni, na kiangazi hicho ng'ombe yule alikuwa na mimba. Wengine tuliokota nailoni huku tunapiga soga. Nemayian aliokota kama mtu anayetoa miiba kwenye mguu wa mtoto.

Tulizikusanya karibu na lambo la kunyweshea, kwa sababu njia ya trekta inaishia pale na hakuna mahali pengine ambapo tela linaweza kugeuza. Kila mwaka kabla ya mvua, Hussein alikuja na trekta lake kutoka Handeni mjini. Alitaka mafuta tu, jasho lake alitupa bure. Alilibeba lundo mpaka dampo, upande wa Korogwe. Pale getini kuna mizani, na dampo linatoza ada kwa uzito. Bodi ilikuwa ikitusamehe ada ile kwa kuwa sisi ni asasi isiyotafuta faida. Barua ya msamaha ikitoka, geti linafunguka. Isipotoka, nailoni zinabaki kwetu, kwa sababu hatuna cha kulipa na hatujawahi kuwa nacho.

Kuchoma moto tusingeweza. Serikali ya kijiji imepiga marufuku moto wa kiangazi tangu malisho ya bondeni yateketee, na ilikuwa na haki. Kufukia pia tulijaribu, lakini ardhi ile wakati wa kiangazi inakurudishia jembe usoni.

Mwaka huu muda wa bodi ya zamani uliisha. Wapya waliteuliwa kwa mafungu, kama vibarua, na waliopatikana hawakutosha akidi, yaani ile idadi ya wajumbe ambayo bila hiyo kikao si kikao. Alipungua mmoja, na nafasi iliyotangazwa ilikuwa ya mwakilishi wa asasi. Nikaandika pendekezo. Niliandika vizuri, maana kuandika najua, na nikamtaja Naisimoi: mama anayeheshimiwa, anayesikilizwa na wazee, asiyesema neno mpaka alipime. Uteuzi ukatoka. Beberu akafa.

Tulikwenda Korogwe pamoja, mimi na Naisimoi. Nilimwita yeyo, yaani mama, kama watoto wa boma lake. Njia nzima alikuwa akinihoji kuhusu vikao: mtu anaomba vipi kusema, anakohoa au ananyoosha mkono? Nikamwambia ananyoosha mkono. Akajaribu kidogo, akaushusha, akacheka.

Bodi ilikutana chumba cha juu, ghorofani kwenye duka la vifaa vya ujenzi, karibu na stendi. Mwenyekiti alikuwa Mzee Jacob, msimamizi mstaafu wa shamba la mkonge. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba na kunitazama usoni.

"Wewe wa Ngombezi," alisema. "Sura hiyo nimeigawia mkate miaka mingi."

Kulikuwa na Bi Mwantumu wa wafanyabiashara wa soko, Iddy wa wasafirishaji, na bwana afya mmoja mpole aliyekuwa na mafua. Pamoja na Naisimoi walikuwa watano, na watano ndiyo akidi. Viti viwili vilikuwa vitupu, vikisubiri uteuzi. Matayo, katibu wa bodi, kijana mwenye shati lililopigwa pasi hadi mikunjo inakata, alikuwa na kazi ya kuandika na kusoma kanuni tu. Kura hakuwa nayo. Mimi niliruhusiwa kukaa ukutani kama mwombaji.

Kikao kilianza kwa raha. Maombi ya msamaha wa ada yalikuwa mengi, yamelundikana tangu bodi ivunjike. Kituo cha wazee kikasamehewa. Madrasa moja ikasamehewa. Kwaya iliyokuwa inasafisha mtaro ikasamehewa. Kila mara Naisimoi alinyoosha mkono wake wenye bangili, taratibu, kama nilivyomfundisha, na kila mara Mzee Jacob alimshukuru kwa jina. Nilijisikia fahari. Nilikuwa nimeshaanza kutunga kichwani ujumbe wa kumpelekea Hussein.

Kisha Matayo akasoma jina la kikundi chetu, akafunua karatasi za kanuni. Alisoma kwa sauti ya chini. Mjumbe ambaye taasisi yake ina maslahi katika jambo linalojadiliwa atatoka nje ya chumba, na hatahesabiwa katika akidi ya jambo hilo.

"Kwa hiyo mama atoke," alisema Bi Mwantumu.

"Atoke," Matayo alisema.

Naisimoi akatoka, akavuta mlango nyuma yake kwa adabu. Matayo akawatazama waliobaki, mmoja mmoja.

"Sasa akidi haijatimia."

"Basi arudi," alisema Iddy.

Akaitwa, akarudi, akaketi na kupanga shuka lake magotini.

"Sasa jambo halijadiliki," Matayo alisema.

Akatoka tena. Akaitwa tena. Mara ya mwisho hakuketi. Alisimama mlangoni, mkono kwenye kitasa, akageukia kwangu mimi badala ya wale wakubwa.

"Mwanangu," aliniuliza, "hawa wanataka niwe wapi?"

Aliyejibu ni Iddy, kwa mzaha: kiti kiwekwe kizingitini, mama akae nusu ndani kwa ajili ya akidi, nusu nje kwa ajili ya maslahi. Walicheka. Kisha wakaacha kucheka, na bwana afya akainuka na mafua yake, akabeba kiti, akakiweka kizingitini kweli, miguu miwili huku na miwili kule. Naisimoi akakikalia. Watu wazima tukamtazama Matayo kama watu wanaosubiri majibu ya daktari.

Matayo alisoma kanuni upya. Niliona anatamani iseme kingine. "Imeandikwa nje ya chumba," alisema. "Kizingiti ni sehemu ya chumba."

"Nani kakwambia?" alisema Bi Mwantumu. "Wewe ndiye fundi uliyekijenga?"

Hakuna aliyecheka safari hii.

Hapo nikaomba kusema. Niliuliza kama mama akijiuzulu itasaidia. Matayo akasema akijiuzulu hakutakuwa na bodi kabisa, wala ya kwetu wala ya mwingine. Nikauliza, akiacha kikundi na kubaki mjumbe? Akasema ameteuliwa kwa sababu ya kikundi. Akikiacha, kiti kinamwacha. Nikamuuliza Mzee Jacob kama mwenyekiti hawezi kusaini peke yake. Mzee alivua miwani. Alisema aliwahi kufanya hivyo katika bodi iliyopita, akaitwa na wakaguzi, akajieleza kama mwizi wa mkonge, mtu wa umri wake. Hawezi tena. Nikauliza viti viwili vitajazwa lini. Uteuzi uko juu, alisema Matayo. Walishakumbusha. Watakumbusha tena.

Halafu wakaomba radhi. Hilo nataka mlijue, kwamba waliomba radhi vizuri. Mzee Jacob alisimama kwa shida ya magoti yake akatuomba radhi kwa niaba ya bodi. Bi Mwantumu alimkumbatia Naisimoi. Iddy alimwomba radhi kwa ule mzaha wa kiti. Matayo akaandika kwenye muhtasari kwamba bodi inasikitika, akanisomea sentensi hiyo na kuniuliza kama imekaa sawa. Nikamwambia imekaa sawa. Ilikuwa sentensi safi. Chai ikaletwa, na maandazi, na tukala, kwa sababu kukataa kungekuwa ukorofi. Katika chumba kile hapakuwa na mtu mbaya hata mmoja. Ningempata mbaya mmoja ningemshukuru.

Tuliporudi, Kaika alitukuta njiani na swali lake tayari, kama mtu wetu wa ndani amepata barua.

"Nimo ndani, shemeji," Naisimoi alimjibu. "Ndiyo shida yenyewe."

Kaika hakuelewa, na nilipomweleza alielewa vibaya: alidhani Naisimoi aliona haya kujiombea mbele ya wanaume. Akaenda kusema hivyo kwa wengine. Wanawake nao wakaanza kusema kwamba mbuzi ameliwa na mjumbe amewanyooshea mkono Waislamu na wanakwaya huku watu wake wanangoja. Lilikuwa kweli neno kwa neno, na halikuwa haki hata kidogo. Naisimoi hakujitetea. Alikuwa mtu wa kupima neno kabla ya kulisema, na nadhani kila alilolipima siku zile lilikuwa jepesi mno.

Hussein alikuja hata hivyo. Alisema huenda mlinzi akawa na roho ya huruma. Tulipakia tela, akaenda, akarudi na mzigo uleule, kwa kuwa mlinzi alikuwa na roho kweli lakini hakuwa na barua. Aliumwaga palepale karibu na lambo, maana ndipo tela linapogeuza. Aliniomba radhi naye.

Mawingu yalijitokeza mapema upande wa Usambara. Mwaka mwingine tungeyaimbia. Nilimpigia Matayo simu. Akasema hakuna jipya, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeacha kulala vizuri. Basi tukaamua kulihamisha lundo wenyewe, kwa migongo na kwa punda, tulipandishe mwinuko mbali na maji. Walikuja wanawake wachache. Wengine walikuwa wamekwishachoka na sisi. Nemayian alifunga viroba vikubwa kuliko punda wake alivyoweza kubeba, akavibeba vilivyobaki yeye. Alipanda na kushuka bila kunywa maji. Nilimwambia apumzike, akaniambia ng'ombe wake hajui kupumzika kunywa.

Mvua ilitukuta mchana. Si mvua ya kuanza, ile ya matone makubwa yanayokupa nafasi ya kukimbia. Ilikuja yote. Korongo dogo lililo nyuma ya lundo lilijaa tukiwa tunalitazama, maji yakapita chini ya nailoni, yakaziinua. Lundo lilijitandaza kwanza, kama mtu anayejinyoosha. Kisha likaanza kwenda. Tuliingia majini tukakamata tulichoweza, tukakitupa juu, nacho kikarudi. Naisimoi, mjumbe wa bodi, alikuwa ndani mpaka kiunoni na shuka lake linaelea pamoja na mifuko, akikumbatia takataka kifuani. Punda wakakimbia. Mwisho tukasimama tu. Lambo lilikuwa jeupe na la bluu kutoka ukingo hadi ukingo, na wachungaji walikuwa wameshaanza kushusha mifugo, kwa sababu kiangazi kilikuwa kirefu na ng'ombe walishanusa maji.

Utawazuia kwa kitu gani? Kwa mikono? Tulijaribu kwa mikono.

Ng'ombe wa Nemayian alianza kuacha majani kabla mwezi haujaisha. Alisimama na ubavu umejaa, anatafuna hewa. Alilala upande na hakuinuka, na ndama hakuinuka naye. Kaika alipasua tumbo, akatoa nailoni kwa viganja viwili, moja imefungana na nyingine, akaziweka kwenye majani. Kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu hakuwa na utani.

Jumapili yake niliitwa kwa Naisimoi. Wazee waliketi kwenye vigoda vyao, wanawake upande wa pili, na Nemayian peke yake karibu na mlango wa zizi. Nilisalimia, nikaitikiwa. Kaika ndiye aliyesema kwa niaba yao, na alisema kwa utulivu. Zamani, alisema, nailoni zilikaa kwenye miiba, zikaua mmoja leo, mwingine mwakani. Mimi nilikuja na elimu nikawafundisha kuzikusanya mahali pamoja, na mahali pale ni penye maji. Mimi niliandika jina la Naisimoi. Bila jina lile, alisema, bodi ingepata mjumbe mwingine, na barua ingetoka kwa mkono wa mgeni. Hilo lilikuwa kweli, na sikubisha. Hawataki faini, wala kondoo. Hawanifukuzi. Wanataka neno moja niliseme mbele ya Nemayian, wanawake waache kutazamana vibaya, kikundi kiendelee.

"Sema samahani, Mkonge," alisema. "Tumalize."

"Omba tu, mwanangu," Naisimoi alisema taratibu. "Ni neno tu."

Ningeweza kuwapuuza hao wawili. Lakini Nemayian aliinua kichwa. Macho yake yalikuwa makavu.

"Mimi nataka aseme," alisema.

Nilisimama pale nikamtazama, na nikafikiri kweli. Najua neno lile lina uzito gani na najua halina uzito gani. Korogwe tulipewa neno hilo na mwenyekiti, na mjumbe, na katibu, na baadaye mwenye trekta, na kila aliyelitoa alikwenda nyumbani mwepesi kidogo, na lundo likabaki palepale. Nami nikilitoa, jambo hili litakuwa limepata mwenyewe. Litakuwa la msichana wa Ngombezi aliyekuja na karatasi zake. Kule juu hawatahitaji kujaza kiti chochote, kwa kuwa huku chini shauri limekwisha, watu wamepatana, wamekula. Na mwakani mvua itanyesha.

"Ng'ombe nitamlilia na wewe," nilimwambia Nemayian. "Maziwa ya watoto nitayahangaikia mimi. Nailoni nitaokota mpaka vidole viishe, na Korogwe nitarudi mpaka wachoke kuniona. Ukitaka kunichukia, nichukie, sitakukataza. Lakini radhi siombi."

"Hata kwake?" Kaika aliuliza. "Hata kwa mjane?"

"Hata kwake."

Mzee mmoja alisonya. Nemayian aliinuka, akaingia zizini ambamo hamna mnyama, akasimama akinipa mgongo. Naisimoi alinitazama, akinipa nafasi ya kulipima neno langu upya kama yeye angefanya. Nililipima.

"Siombi," nilisema.